Bwana Kama Hakuwa Mlevi

Mume wangu hakuwa mlevi. Naliweka hilo mbele ya mengine yote kwa sababu najua kitabu cha kumbukumbu ya shule kinavyosomwa: mtu anatafuta picha yake, anasoma mistari miwili ya mwenzake, kisha anafunga. Basi atakayefunga baada ya sentensi ya kwanza awe ameondoka na lililo kweli.

Wanafunzi wake wa zamani, ambao sasa ni watu wazima wenye vitambi na watoto, walikuja sebuleni kwangu kuniomba niandike juu ya maisha yake. Walikuja na maandishi waliyokwisha kuyaanza wenyewe. Yalikuwa mazuri, yamejaa mapenzi, lakini katikati palikuwa na maneno haya: "licha ya udhaifu wake wa siku za mwisho." Nikawauliza, udhaifu gani? Mmoja akaanza kuisifu chai yangu.

Hiyo inaitwa tafsida, na aliyewafundisha ni yeye mwenyewe. Ni kulifunika jambo zito kwa neno laini ili lisimchome msikilizaji. Lakini ukiweka kifuniko mahali pasipo na kitu, kila apitaye ataapa kwamba chini yake pana kitu, na tena kinanuka. Ndiyo maana nimeyakataa maandishi yao na kuandika haya yangu.

Alifundisha fasihi ya Kiingereza katika shule hiyo moja maisha yake yote ya kazi, tangu akiwa kijana mwembamba wa mashati ya mikono mirefu mpaka mvi zilipomfika masikioni. Wanafunzi walimwita Bwana Kama. Alilijua jina hilo, wala halikumkera. Alilipata kwa kuwa hakuweza kukaa bila kufananisha kitu na kitu. Foleni ya wanafunzi waliochelewa ilikuwa kama mkanda uliopoteza suruali. Mkuu wa shule akitembea kwenye korido alikuwa kama kabati linalohamishwa. Hilo la pili alilisema mezani kwetu tu, nami natumaini mama yule ataniwia radhi. Asiponiwia, vilevile sawa.

Watu hudhani ufundi huo aliutoa vitabuni. Aliutoa kibandani kwa baba yake, fundi viatu, ambaye hakuwahi kumwambia mteja kosa la kiatu moja kwa moja. Soli ikiachia kwa mbele, alikiinua kiatu usoni pa mwenyewe na kusema, "Huyu ana njaa, tazama anavyoachama. Unamlisha mawe tangu lini?" Kiatu chembamba alikiita mkwe: "Kinakubana, lakini mbele za watu lazima utabasamu." Mwanawe aliketi juu ya kopo la gundi akimpokeza misumari, na kumbe alikuwa anasomeshwa. Miaka baadaye, darasani, alipokutana kwa mara ya kwanza na lile somo la kukipa kitu kisicho na uhai tabia za mtu, alicheka kwa sauti hata mwalimu wake akamtoa nje.

"Nilicheka nini, hata nikatolewa?" aliniambia. "Nilimwona baba kwenye kitabu."

Mimi nilikuwa mkutubi katika maktaba ya chuo cha ualimu. Sisemi kwa majivuno, ila ijulikane kwamba anayeandika hapa amezoea kutofautisha kilichothibitika na kilichosikika. Tulikutana kwenye meza yangu ya kuazimisha.

"Nataka kile kitabu," alisema, "kinene, kimechoka, kimevaa kama askari mstaafu."

"Vitabu vina majina, Mwalimu. Na namba."

"Jina limenitoka. Lakini uso wake naukumbuka."

"Hapa hatutafuti kwa uso."

"Ndiyo maana humu ndani mna huzuni."

Nilikipata. Kilikuwa cha kijani kilichopauka, mgongo umelegea, herufi za dhahabu zimebaki chache kama vifungo vya koti. Nikakitazama na kweli, alikuwa askari mstaafu. Nilichukia sana kukubali. Mwaka uliofuata tulioana, na tangu siku ile ya kitabu aliniita Mkutubi, nami nikamwita Mwalimu, hata tulipokuwa wawili tu, hata tulipogombana.

Sasa niseme alivyofundisha, maana bila hilo hamtaelewa jinsi walivyomwelewa vibaya.

Walimu wengi wa somo lile huanza na majina. Wanaandika ubaoni orodha ndefu: tashbihi, sitiari, tashihisi, takriri, chuku, kejeli, watoto wanakariri maana zake kama wanavyokariri mito na milima, na siku ya mtihani wanazimwaga karatasini bila kujua wamemwaga nini. Yeye alisema jina la mbinu ni kama bibi harusi: huja mwisho, watu wakiwa wamekwisha kuketi na kumsubiri.

Alikuwa na mfuko. Nilimshonea mimi kwa kitambaa kilichobaki cha mapazia ya chumbani, mweusi wenye maua madogo, mdomo wake unafungwa kwa kamba ya kiatu. Kila kipindi kilianza na mfuko huo. Alitia ndani kitu kimoja alichokitoa nyumbani, pasi ya mkaa, kitunguu, sega lililovunjika meno, na mwanafunzi mmoja aliingiza mkono bila kuchungulia. Sheria ilikuwa asitaje jina la kitu wala kazi yake. Aseme kinafanana na nini, na wenzake wakitafute. Darasa zima lilipiga kelele. Mwalimu wa jiografia wa chumba cha pili, ambaye wanafunzi walimwita Redio kwa sababu hakuna habari iliyompita bila kutangazwa, aligonga ukuta kila wiki.

"Bwana Kama, hapo ni darasani au mnadani?"

"Mnadani, ndugu yangu. Karibu ununue, leo bei ni ya chini!"

Walipokwisha kukipata kitu ndipo alipowauliza walichokuwa wakifanya, na ndipo jina la Kiingereza lilipoandikwa ubaoni, likiwa moja tu. Wanafunzi walinihadithia, na nyumbani nilimsikia akijizoeza mbele ya kioo cha kunyolea. Tofauti ya tashbihi na sitiari aliieleza hivi: tashbihi inabisha hodi. Neno "kama" ndiyo hodi yenyewe; unamwambia mwenye nyumba, niko mlangoni, nimemleta mgeni anayefanana nawe. Sitiari haibishi. Inafungua mlango na kuingia mpaka ndani, ikiketi imeketi. Kwa hiyo, alisema, sitiari waachieni watu mnaowajua vizuri.

Aliwafundisha na jambo jingine ambalo halimo katika vitabu vyao, kwamba kila mfanano una mahali unapokatika, na kazi ya msomaji ni kupatafuta mahali hapo. Kijana mmoja aliandika, "Baba yangu ni simba." Akaitwa mbele.

"Ananguruma?"

"Hapana, Mwalimu."

"Ana mkia?"

"Hapana."

"Basi mfanano wako unasimama wapi, na unakatika wapi?"

Kijana akafikiri, kisha akasema, "Analala mchana kutwa, Mwalimu. Anayewinda ni mama."

Siku hiyo hata Redio alikuja mlangoni kuuliza wanacheka nini. Mume wangu alimpa kijana yule alama zote, akarudi nyumbani akanisimulia huku chakula kikipoa. Na kuna msichana aliyeandika katika insha kwamba macho ya mpenzi wake yalikuwa "kama macho mawili." Hakumcheka. Aliniambia, "Mkutubi, huyu amependa kweli. Ametafuta cha kufananisha, hakukiona."

Basi huyo ndiye mtu. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba vitatu na ua mdogo wa sementi. Pombe haikuingia humo, si kwa sababu ya utakatifu, bali hakuipenda ladha yake. Alisema inafanana na kisingizio. Hata harusini kwetu alipokea glasi, akaishika mpaka mwisho kama mtu aliyeombwa kumshikia mtu mtoto.

Ugonjwa ulianza adhuhuri moja ya siku ya mapumziko. Nilikuwa nakunja nguo zilizokauka. Yeye alisimama katikati ya sebule akitazama huku na huku.

"Mkutubi, kiko wapi kile... kile kidogo, kama sikio la nyumba?"

Kwetu hilo halikuwa jambo geni. Tulifanyiana vitendawili tangu uchumba. Nikajibu bila kuinua kichwa, "Kitasa?"

"Siyo."

"Kengele ya mlangoni? Simu? Dirisha la choo?"

"Siyo, siyo."

"Nimeshindwa. Haya, nakupa mji."

Nikampa mji mkubwa kuliko yote niliyoijua, kama ada ya mchezo inavyotaka, ili anipe jibu. Alifungua kinywa. Nilisubiri, nikainua kichwa. Kinywa chake kilikuwa wazi bado na uso wake ni wa mtu aliyetia mkono mfukoni na kukuta mfuko umetoboka. Akacheka kidogo. Kisha akaacha kucheka, akatoka uani, akasimama akiutazama ukuta.

Mpaka leo sijui alitaka nini. Nimekwisha kuvishika vitu vyote vya nyumba hii, kimoja kimoja, nikijiuliza ni wewe?

Nilimwambia siku ileile twende hospitali. Akakataa. Mwezi wa mtihani ulikuwa umekaribia na darasa lake la mwisho lilikuwa halijamaliza kurudia. "Wakimaliza," alisema. "Wakimaliza tu, Mkutubi, utanipeleka unakotaka." Nikamwambia wewe ni mkaidi. Akasema, kama nani? Nikakosa la kumlinganisha naye. Binti yetu, ambaye ni mfamasia na anaishi mbali na sisi, alizungumza naye kwenye simu, naye akamtania mpaka akamsahaulisha alichopigia.

Yaliyotokea darasani katika wiki zilizofuata nilisimuliwa na kiranja wa darasa lile, msichana mrefu mwenye sauti nzito, siku alipokuja kunipa pole. Alikaa kwenye mkeka karibu nami akanishika mkono.

"Mama, sisi tulijua ni somo," alisema. "Mwalimu alisimama na chaki mkononi akasema, nipeni hiki cheupe, kama kidole cha mzungu wa unga. Tukapiga kelele, chaki! Akafurahi. Akasema, sasa nifutieni kile cheusi kinachomeza kila kitu. Ubao! Kipindi kizima hakutaja kitu kwa jina. Tukadhani ameutupa mfuko, amelifanya darasa zima kuwa mfuko. Hatujawahi kujifunza vile, Mama. Tulishindana. Tulikuwa tunamkimbilia kwenye korido atupe kingine."

"Na hakuna aliyeshuku?"

"Mara moja tu. Alimwita mwenzangu mmoja, hakumwita kwa jina, akasema wewe uliyekaa kama swali. Tukacheka. Lakini mimi nilimwona machoni. Alikuwa anatuomba."

Akalia. Mimi ndiye niliyembembeleza.

Ndivyo ilivyokuwa. Katika shule nyingine yoyote, mwalimu asiyeweza kuitaja chaki angepelekwa kwa daktari siku ya kwanza. Katika darasa lake walimpigia makofi. Alikuwa amewafundisha vizuri mno, na ufundishaji wake ukawa pazia lililomficha. Watoto siwalaumu hata kidogo. Walikuwa wakifanya alichowafundisha.

Kisha ikaja siku ya ukaguzi. Asubuhi ile aliamka mkono wa kulia umekufa ganzi; akaniambia ameulalia. Nikamwamini, nikatangulia kutoka kwenda kwa daktari wa macho. Ningekuwapo alipokuwa akivaa, asingetoka mlangoni.

Kilichotokea nimekisikia kwa watu wengi, nami nimeyaweka pamoja yale wanayokubaliana. Mkaguzi aliketi nyuma ya darasa. Mkuu wa shule alisimama karibu na mlango. Mume wangu alianza vizuri, kisha mkaguzi akamwomba awaeleze wanafunzi, kwa lugha ya mtihani, tofauti ya mbinu mbili za kawaida kabisa, zile za hodi. Somo alilolifundisha maisha yake yote. Akafungua kinywa. Maneno yakatoka yamekunjana, yamevaana. Wanafunzi wakacheka kwa mazoea, wakaanza kubahatisha. Akashika meza. Upande mmoja wa mdomo wake ulikuwa umeshuka. Alipopiga hatua, mguu ulibaki nyuma.

Mkuu wa shule akasema, mbele ya darasa, "Mwalimu, nenda nyumbani ukalale."

Hakumwambia keti. Hakuuliza unaumwa? Akaaibika mbele ya mgeni, akataka aibu iondoke machoni. Mlinzi wa geti alitumwa amsindikize. Walivuka uwanja wa michezo jua likiwa juu, na madirisha yote ya shule yalijaa vichwa. Redio alikuwa kwenye baraza ya walimu na kikombe chake.

"He! Leo Bwana Kama kapiga maji? Tazama anavyotembea, kama mlevi!"

Nataka msomaji asimame hapo kidogo. Alisema "kama mlevi." Ulikuwa mfanano, na ulikuwa na mahali unapokatika. Je, ananuka? Hapana. Je, amewahi? Hapana. Je, mlevi hulegea upande mmoja tu wa uso? Palikuwa na walimu pale, watu wenye shahada, na hata mmoja hakufanya alichokifanya kijana wa simba. Kufikia mapumziko ya chai, "kama" ilikuwa imeanguka njiani. Kufikia jioni nilikuwa mke wa mlevi. Baadaye zikaongezwa chuku: mara alikutwa na chupa kwenye dawati, mara ule mfuko mweusi ndimo alimokuwa akiificha. Mfuko nilioushona kwa mikono hii.

Mlinzi alimfikisha mlangoni akamwacha kwenye kiti cha baraza. Niliporudi nilimkuta ameketi vilevile, kofia magotini, anajaribu kufunga kamba ya kiatu kwa mkono mmoja. Mwana wa fundi viatu. Nikaita teksi.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alisema ni kiharusi. Kwamba mishipa midogo kichwani ilikuwa ikiziba kwa wiki kadhaa, na asubuhi ile ukaziba mkubwa. Akauliza kwa nini hakuletwa mara moja ilipotokea, maana saa za mwanzo ndizo zenye faida. Nilimwambia ukweli. Akaandika.

Tulimrudisha nyumbani akiwa na mkono mmoja na nusu ya uso. Akili yake ilikuwa nzima. Hilo ndilo watu walilokataa kulielewa, na ndilo lililomuumiza: alielewa kila neno tulilosema, ila majina ya vitu yalikuwa yamehama. Vilibaki vitenzi vichache, rangi, na mifanano. Maji aliyaita yale yasiyo na mfupa. Kitanda alikiita farasi aliyelala. Binti yetu alichukua likizo akaja kumuuguza, akawa anamkalisha juani uani na kumfanyisha mazoezi ya maneno kama alivyoelekezwa hospitalini.

"Baba, hiki nini?"

"Kile... cha kunywea jua."

"Miwani, Baba. Sema mi-wa-ni."

"Mi..." Akatikisa kichwa.

"Na mimi ni nani?"

Akatabasamu kwa upande uliobaki. "Wewe uliletwa na mvua."

Ni kweli, alizaliwa mvua ikinyesha mpaka paa likavuja chumbani. Lakini binti yangu hakutaka mvua. Alipiga magoti mbele ya kiti, mtu mzima, mwenye kazi yake, akaishika mikono ya baba yake miwili, ule mzima na ule mfu.

"Niite jina langu, Baba. Mara moja tu. Ulinipa wewe mwenyewe."

Alijaribu. Mishipa ya shingo ilimtoka. Jasho likamtiririka. Mimi nilisimama kwenye mlango wa jiko na mwiko mkononi, nikimsaidia kwa midomo bila sauti, kama mzazi anayemwangalia mtoto jukwaani. Hakulipata. Mwishowe ni yeye aliyemfuta binti yake machozi, kwa kiganja cha mkono, akisema, "Mvua. Mvua. Tulia."

Redio alikuja kumwona, kwa kuwa watu wa namna yake hawakosi. Alileta machungwa. Aliketi kwenye ncha ya kiti akazungumza kwa sauti ya juu, kana kwamba mgonjwa ni kiziwi.

"Pole sana, kaka. Ndiyo dunia. Haya mambo yetu ya jioni, shemeji, yanatumaliza sisi wanaume. Ukiyaacha unayaacha mapema."

"Mambo gani ya jioni, shemeji?" nilimuuliza.

"Ah, shemeji, si unajua..."

"Sijui. Nifundishe."

Akasimama, akasema amekumbuka ana kikao. Nilimrudishia machungwa yake mlangoni.

Niliporudi ndani mume wangu alikuwa anahangaika kwenye kiti. Alikuwa amesikia. Alikuwa anatafuta sentensi moja, ile niliyoianzia maandishi haya, sentensi ya maneno matatu ambayo mtoto mdogo angeisema. "Mimi si," alisema. "Mimi si... si yule wa... mimi si..." Na kila mara alipofika pale penye neno, palikuwa na shimo. Angeweza kufananisha chochote duniani. Lakini mtu hawezi kulikana jambo kwa mfanano. Utasema nini, mimi si kama? Hata mifanano ilimkimbia. Alipiga goti lake kwa ngumi, mara nyingi, mpaka nikaishika ile ngumi.

"Najua," nilimwambia. "Mimi najua."

Akatikisa kichwa kwa nguvu. Mimi kujua hakukutosha. Akanyoosha kidole kuelekea mlangoni, nje, barabarani, shuleni, kote. Kisha akanigeuzia mimi.

"Sema," alisema. "Sema wewe."

Nikamwahidi. Kwa hiyo mkiniuliza mbona mama huyu hataki yaishe, jibu ndilo hilo. Niliagizwa.

Darasa lake lilikuja mara moja, baada ya mtihani. Waliingia kwa kunyata, wakajipanga ukutani, wamevaa sare ingawa haikuwa lazima tena. Kiranja alikuwa na mfuko mweusi. Waliukuta kabatini shuleni wakaudai kwa mkuu wa shule. Waliweka kitu ndani bila kumwambia. Akaingiza mkono wake mzima, akafumba macho, akakipapasa.

"Hiki," alisema polepole, "ni kama mdomo wa... wa mtu mwema. Umepewa siri."

Kisha darasa zima kwa pamoja, "Kufuli!"

Akafumbua macho. Alifurahi kama mtoto. Akataka kupiga makofi, mkono mmoja ukakosa wa kukutana nao, na kiranja akasogea akaweka kiganja chake pale. Wakapiga hivyo, mkono wake na mkono wa msichana. Nilikwenda jikoni nikawasha jiko ambalo halikuwa na kitu juu yake.

Hakuishi sana baada ya hapo. Alikufa mchana, nyumbani, mapazia yakiwa wazi. Mazikoni mkuu wa shule alizungumza vizuri na kwa kirefu, kisha akasema marehemu alikuwa binadamu kama sisi sote na tumsamehe alipoteleza. Watu wakaitikia kwa kichwa. Nilitaka kusimama. Binti yangu alinishika gauni akaninong'oneza, "Si leo, Mama." Alikuwa na haki. Siku yenyewe ni hii.

Sasa mwajua: hakuteleza. Aliugua mbele yenu mkaona mnachozoea kuona. Katika kitabu chenu, ondoeni neno "udhaifu" na andikeni "kiharusi." Lina herufi za kutosha, halihitaji kifuniko. Redio angali hai na atalisoma hili. Akitaka kunijibu, mlango anaujua. Asije na machungwa.

Limebaki ombi lenu moja. Mmeniuliza maneno yake ya mwisho, ili myaweke chini ya picha yake. Nitawaambia kiasi hiki. Nilikuwa nampangusa uso. Binti yetu alikuwa uani akianua nguo, hakusikia. Mume wangu alinitazama akaniambia mimi ni nini. Jina langu hakulipata, wala Mkutubi hakulipata. Vyote viwili vilikuwa vimeondoka. Lakini sentensi ilitoka nzima, haikukwama popote, mwanzo mpaka mwisho. Na hakusema "kama." Bwana Kama, maisha yake yote, na siku hiyo hakubisha hodi.

Alichosema ni changu. Msiniulize tena, sisemi.